Sahani ya Saa Kumi na Mbili

Kwenye mlango wa friji, katika nyumba ninayofanya kazi sasa huku Mbezi, kuna karatasi imebandikwa. Mama mwenye nyumba aliileta siku moja na mtoto wa mbwa, mweupe, mdogo wa kubebwa kiganjani. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu: miezi miwili mpaka minne, alishwe mara nne kwa siku. Miezi minne mpaka sita, mara tatu. Kuanzia hapo mara mbili, na akizeeka, apewe kidogo kidogo ili asichoke tumbo. Chini yake kuna saa za kumlisha. Mlishaji ni mimi.

Siku ile niliisoma nikiwa na kitambaa cha vyombo mkononi. Huwa nasoma polepole, lakini ile sikuhitaji kuimaliza. Maneno yale niliyasikia nikiwa na miaka kumi, karibu kwa mpangilio uleule, na nikanyamaza nayo. Ngoja nikusimulie wewe, maana sijawahi kumsimulia mtu.

Nililelewa na bibi yangu Toangoma, ukishaipita Mbagala, wakati huo bado kuna mihogo kati ya nyumba na nyumba. Tuliishi kwenye pagale, nyumba ambayo haijaisha. Haikuwa yetu. Ilikuwa ya bosi mmoja aliyejenga kidogo kidogo kila akipata nafasi, na sisi tulikaa pale bure ili tumlindie vitu vyake: nondo, mabati mapya yaliyofungwa kwa waya, na mifuko ya saruji iliyopangwa chumba cha ndani. Madirisha yalikuwa matundu, bibi akayaziba kwa viroba. Ukuta wa uani ulikuwa umejengwa pande tatu na nusu, mbele pakiwa wazi bila geti, na upande wa nyuma kulikuwa na pengo la tofali mbili. Harufu ya nyumba ile ninayo mpaka leo: saruji, moshi wa vipande vya mbao, na dagaa.

Dagaa walikuwa wa mbwa. Mbwa wetu aliitwa Askari, na alikuwa jike. Vijana waliopita njiani walikuwa wakimtania bibi.

"Shikamoo bibi. Askari jike, ana cheo gani huyo?"

"Marahaba. Sogea karibu akuoneshe nyota zake."

Walicheka, lakini hawakusogea.

Askari alikula mara moja kwa siku, saa kumi na mbili jioni. Bibi alipika ugali wa dona pamoja na dagaa kwenye sufuria jeusi, akaupoza kwa mwiko, akaumimina kwenye nusu ya dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa kwa kisu. Hiyo ndiyo ilikuwa sahani ya Askari. Akishaiweka chini, bibi alirudisha mikono yake miwili nyuma ya mgongo na kusimama hivyo mpaka mbwa amalize. Mimi niliruhusiwa kuchambua dagaa na kuosha sufuria. Kulisha, hapana. "Mbwa wa sahani moja hana bei," alikuwa akisema, yaani mwizi hawezi kumhonga. Na tena: "Mbwa aliyeshiba ni mgeni kama wageni wengine."

Usimwone mkatili. Bibi naye alikula mara moja. Asubuhi alikunywa chai ya rangi, mchana alisema hana njaa, na jioni alikula baada yangu kilichobaki. Alipotoka Njombe alikuja na mazoea hayo, na katika pagale lile hayakukosa sababu.

Askari alipozaa, alizaa sita, kwenye kona ya chumba cha saruji. Alikuwa tayari mtu mzima, na ule ndio ulikuwa uzao wake wa mwisho. Bosi alikuja Jumamosi kuangalia ujenzi, akachungulia wale watoto, akafurahi.

"Mama, huku wezi wameanza. Huyu Askari kazeeka. Nikuzie mmoja kati ya hawa, awe mkali. Mbwa akishindwa, mie naweka walinzi wa kampuni, na nyie itabidi mnisamehe."

Bibi aliitikia, "Sawa, baba." Bosi alipoondoka, bibi aliinama kuwatazama wale watoto kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua mbegu. Tulikuwa hatuna pengine pa kwenda, na mimi nililijua hilo.

Sahani haikubadilika. Askari alikula mara moja, na watoto sita walimnyonya mpaka mbavu zake zikahesabika. Jirani yetu wa nyuma, mama aliyekaanga samaki na kuwauza jioni, alimwona kupitia pengo la ukuta. Alikuwa Mwislamu wa dini hasa, na mbwa hakutaka hata kivuli chake.

"Wee, njoo," aliniita. "Chukua hivi vichwa vya samaki umpelekee yule mzazi. Ila asinisogelee, mie nina udhu."

"Bibi hataki apewe kitu," nilisema. Nadhani hata sikusema, nilinong'ona.

"Mzazi ni mzazi. Bibi yako mwenyewe alipojifungua si alipikiwa mtori?"

Bibi alivikuta vile vichwa, akavitupa shimoni, akaenda kwenye pengo na kumwomba jirani, kwa adabu kabisa, asirudie. Jirani akasema, "Haya shoga, mbwa wako." Waliendelea kuwa marafiki. Jioni walikuwa wakikaa kila mmoja upande wake wa ukuta, wakiongea mpaka samaki waishe. Bibi hakuwa na rafiki mwingine Dar es Salaam nzima.

Kisha ikaja siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Gari la matangazo lilipita asubuhi, nasi watoto tukapeleka mbwa uwanja wa serikali ya mtaa, wengine kwa kamba za manila, wengine kwa vipande vya kanga. Askari alitembea nyuma yangu taratibu. "Huyo mbwa au ufagio?" mmoja alisema, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Bwana mifugo alimchoma sindano, kisha akampapasa tumbo.

"Ana watoto nyumbani?"

"Sita."

"Anakula mara ngapi?"

"Moja."

"Moja! Wewe unakula mara ngapi?"

Watu walicheka tena. Niliangalia viatu vyake. Lakini yeye hakucheka. Alichuchumaa akaniambia polepole, huku akihesabu kwa vidole. Mama anayenyonyesha ale mara tatu au nne, kila anapotaka. Watoto wakiachishwa, mara nne, chakula laini. Wakifika miezi minne, mara tatu. Nusu mwaka, mara mbili. Mbwa mzee naye mara mbili, kidogo kidogo. "Kitumbo cha mtoto wa mbwa kama kikombe cha kahawa," alisema. "Hakibebi chakula cha siku nzima. Umwambie bibi yako. Utamwambia?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

Njia nzima nilipanga maneno. Bibi, bwana mifugo kasema. Bibi, eti mbwa anatakiwa. Nilipofika nyumbani nilimkuta anachota chai yake ya rangi, isiyo na kitu pembeni. Sasa niambie wewe, unamwambiaje mtu anayekula mara moja kwamba mbwa wake ale mara nne? Nilikuwa mtoto wa aibu hata kuomba chumvi. Aliniuliza, "Wamesemaje huko?" Nikajibu, "Wamemchoma sindano, basi."

Maziwa ya Askari yalikauka kabla watoto hawajafikisha mwezi. Bibi aliwaanzishia ugali uleule, saa ileile, sahani ileile. Waliula kwa pupa, wakavimba matumbo, wakahara, kisha wakakaa siku nzima wanatetemeka mpaka jioni nyingine. Wa kwanza nilimkuta asubuhi akiwa mgumu kama kandambili. Wa pili na wa tatu walifuatana. Bibi alichimba karibu na tuta la mchicha, akawafunika mwenyewe, na kila mara alisema, "Huyu hakuwa na moyo." Kwa wa tano alikaa kwenye tofali na jembe mapajani, na nikamsikia akisema peke yake, "Tutakwenda wapi."

Hapo ningeweza kusema. Maneno yalikuwa tayari. Badala yake nilifanya kitu nilichokiona chepesi kuliko kusema.

Nilianza kumlisha yule wa sita kwa siri. Asubuhi kabla ya shule niliacha uji wangu nusu kwenye kikombe, nikazunguka nje ya ukuta mpaka nyuma, nikapitisha mkono kwenye pengo na kupiga ulimi: ts, ts, ts. Alikuja anapepesuka, akalamba uji kiganjani mwangu. Nilirudi mchana wakati wa mapumziko, mbio tupu, na ukoko wa wali mfukoni. Alasiri tena. Pamoja na sahani ya bibi, mara nne. Nilikuwa nafuata maneno ya bwana mifugo barabara. Ulimi wa yule mtoto wa mbwa ulikuwa wa moto na wenye mikwaruzo kidogo, na kwa miezi ile nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Alinenepa. Manyoya yalimng'aa. Bibi alishangaa, akamwita Baraka. "Unaona?" alimwambia jirani. "Huyu ndiye aliyekuwa na moyo. Sahani moja, saa ileile." Jirani alinitazama. Alikuwa ameniona pengoni mara nyingi, lakini hakunitaja. Mpaka leo sijui kama alinyamaza kwa kunihurumia au kwa kumheshimu bibi.

Baraka akawa mbwa mkubwa mwenye sauti nzito. Bosi alimwona, akacheka, akampa bibi kilo mbili za sukari. Askari alihamia mlangoni, kazi yake ikawa kulala.

Asubuhi moja bibi aliniamsha kwa kunishika mguu. Mabati hayakuwepo, nondo hazikuwepo. Baraka alikuwa amelala kwenye pengo la nyuma, kichwa kimeelekea nje, povu limekauka mdomoni. Kando yake kulikuwa na kipande cha nyama kilichobaki, chekundu, kimepakwa kitu cha buluu. Kipande kingine kama kile kilikuwa mlangoni, karibu kabisa na miguu ya Askari. Hakukigusa. Hakikuwa kwenye sahani yake, na haikuwa saa kumi na mbili. Bibi alisema alimsikia Askari usiku akikohoa. Huenda alikuwa anabweka, sauti ilikuwa imeshamwisha.

Bibi alisimama juu ya Baraka. "Nani alimfundisha huyu kula mkononi mwa mtu?" aliuliza. "Nani alimfundisha kuja hapa pengoni?"

Hakuniuliza mimi. Alikuwa anatazama upande wa pili wa ukuta.

"Ni yule na vichwa vyake vya samaki," alisema.

Nilifungua mdomo, nakuapia nilifungua. Nikaufunga. Jirani alikuja akiwa na kanga begani kutoa pole, na bibi akamwambia maneno ambayo sitayaandika. Jirani aliapa. Halafu alinitazama mimi, akasubiri. Nilitazama miguu ya Baraka. Akavuta kanga yake kichwani, akaondoka.

Bosi hakugomba. Alisema tu, "Mama, nilikwambia," akatupa wiki moja. Tuliondoka na mkeka, sufuria jeusi na ndoo mbili. Askari alitufuata mpaka barabarani, kisha akarudi kwenye mlango wake. Bibi hakupita kwa jirani kumuaga. Mwaka uliofuata alirudi Njombe, na huko ndiko alikozikwa, akiamini kwamba rafiki yake ndiye aliyemwondoa kwenye nyumba.

Nimelifikiria sana jambo hili huku nikiosha vyombo. Bwana mifugo alikuwa sahihi, na bibi naye alikuwa sahihi. Mara nne, kwenye sahani yake, kwa mkono wa mtu mmoja anayejulikana, mchana kweupe. Ingewezekana. Ilihitaji mtu mmoja tu wa kuyaunganisha, na mtu huyo alikuwa na miaka kumi, anaona haya.

Jumapili iliyopita niliomba ruhusa, nikaenda Toangoma. Mihogo imekwisha. Pagale limekuwa nyumba ya rangi ya maziwa, yenye geti na nyaya za umeme juu ya ukuta. Pengo limezibwa, plasta imepita, huwezi hata kubahatisha lilikuwa wapi. Palipokuwa na karai la samaki kuna fremu tatu za maduka. Kijana wa duka la simu aliniambia wale wa zamani waliuza, wakahama, labda Mkuranga, labda kwingine. "Ulikuwa na ishu gani na yule mama wa samaki, sista?" Nikasema nilitaka kumsalimia.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

Nilirudi Mbezi kabla ya saa kumi, mojawapo ya zile saa za kwenye karatasi. Mtoto wa mbwa alikuwa ananingoja jikoni, akaruka kutaka vidole vyangu. Nilimtilia chakula kwenye sahani yake, nikaiweka chini, nikarudisha mikono nyuma ya mgongo, nikasimama hivyo mpaka amalize.