Mama ameniwekea uma

Leo mama yangu mzazi ameniandalia chakula sebuleni, peke yangu, na uma juu.

Niko kijijini kwetu, Mamba. Nimefika jana kutoka Uturuki, ninakosoma.

Huko hosteli kila Jumapili napika makande. Mahindi nayatafuta mpaka duka la mwisho la mji, maharage ni ya kopo, na wenzangu wananiuliza kama nalisha njiwa. Napika tu, nisije nikasahau kwetu.

Sasa leo nasikia harufu ya makande yenyewe kutoka jikoni. Nikainuka nikakate vitunguu.

"Kaa, mwanangu," mama akasema. "Moshi utakuumiza macho."

Moshi ule ule ulionikuza.

Akaniletea wali na kuku, kwenye sahani zinazotoka kabatini mchungaji akija.

"Mama, mimi nataka makande."

"Haya yetu? Tumbo lako limeshazoea vya huko. Utaumwa bure."

Hakuwa anatania. Alikuwa ananihurumia.

Nikabeba sahani yangu mpaka jikoni. Ndugu zangu walikuwa wanacheka, waliponiona wakaacha.

"Mpisheni Mturuki," baba mdogo akasema.

Mdogo wangu Neema akainuka haraka, akakifuta kigoda chake kwa kanga, akanisogezea.

"Karibu, dada."

Nimekaa. Nimekula wali wangu katikati yao, wao wakila makande.

Mliowahi kurudi kutoka mbali, niambieni: mlifanya nini mpaka watu wa kwenu wakaacha kuwakaribisha?