Siku Nilipompeleka Shemeji Kuliaga Jabali

Nilitoka nyumbani Bankstown, hapa Sydney, kwa sababu ya simu ya shemeji. Alikuwa amesikia kanisani kwamba serikali inafikiria kuipanua hifadhi ya taifa, isiishie ufukweni bali iingie na baharini.

"Kaka, unipeleke niage lile jabali," alisema. "Bakishaifunga, sitaiona tena."

Shemeji huyu ni Mama Neema, Mkongo ambaye 'wa' kwake ni 'ba', mjane wa rafiki yangu Baraka. Baraka alichukuliwa na wimbi akivua kwenye majabali ya hifadhi hiyo, kusini mwa Sydney. Mwili haukuonekana. Jabali ndilo kaburi.

Asubuhi nilimchukua kwake Macquarie Fields. Niliishia darasa la sita, lakini malori ya kuhamisha mizigo ninayo manne, na pikapu hii niliinunua mpya; mtu wangu hapandi basi kwenda kulia. Nyuma nilikuwa na mshipi wangu wa kuvulia. Kila nikivua pale humletea samaki, changu mkubwa, maana aliyemlisha hayupo.

Njiani nilimtuliza. Huku kuna sheria, nikamwambia, na maofisa wananijua.

"Kwetu kando ya ziwa balianzaga hivyo hivyo," akasema. "Balikuja na kofia, banasema banachunga nyama za pori tu. Leo kaburi ya baba iko ndani ya hifadhi, siye tuko inje. Bale nabo ulikuwa unabajua?"

Nikageuza habari, nikaanza kumsifia pikapu.

Barabara ilipoishia tuliteremka kwa miguu, vichaka vikitukwaruza. Pale jabalini tulimkuta askari wa hifadhi, binti wa Kizungu, akikagua boya la kuokolea lililotundikwa nguzoni. Nilimweleza yote kwa Kiingereza changu cha malori. Akavua kofia.

"Mwambie bado ni pendekezo," alisema. "Likipita, kuvua hapa kutakatazwa. Kuja, kukaa, kusali, hakuna anayepanga kumzuia."

Nikatafsiri. Mama Neema akauliza, "Hata samaki moja habatatoa?"

"Hata mmoja," akasema binti nilipomtafsiria.

Mama Neema akakaa chini taratibu, akatupa majini maua aliyokuja nayo. "Basi bafunge. Bafunge hata leo."

Kisha, bila kunitazama: "Bale samaki ulikuwa unaniletea, kaka, sikukula hata moja. Hii maji iko na Baraka, na samaki banakulaga humo. Nilikuwa nabazika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia saa ngapi? Weye unaongeaga tu."

Tuliporudi Macquarie Fields alinipeleka uani. Chini ya ukuta palikuwa na mawe meupe, kila samaki na jiwe lake. Sikuyahesabu. Nilivua kofia nami.

Nimejifunza kwamba mwenye kaburi huogopa mlinzi, lakini anamtaka. Serikali inataka maoni ya watu. Yangu nitakwenda kuyasema kwa mdomo wangu: mimi, mvuvi wa jabali lile, naomba bahari ile ifungwe.