Barafu ya Embe ya Fundi Gesi

Shemeji yangu ni fundi wa mafriji, na kwa miaka thelathini amewaambia wateja wake neno moja tu: gesi imeisha. Friji isipogandisha, gesi imeisha. Friji ikinguruma, gesi imeisha. Kuna siku aliitwa nyumba ya jirani, akapiga magoti nyuma ya friji, akagonga kompresa kwa kucha, akainuka na sura ya msiba na kutangaza kwamba gesi imeisha. Kumbe mama mwenye nyumba alikuwa hajachomeka waya ukutani. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Gesi, wakubwa kwa wadogo, na mimi ndiye niliyehakikisha jina hilo linawafikia ndugu zake wote.

Nisieleweke vibaya, nampenda. Lakini ni mume wa dada yangu mkubwa, na shemeji asipotaniwa atadhani amekuwa mtu wa maana. Ni mrefu, mkavu, anavaa shati la mifuko minne na kila mfuko una bisibisi. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa aliingia jikoni kwa shughuli moja tu: kufungua friji na kuuliza, "Humu hamna kitu?" huku vyakula vinamdondokea miguuni. Na friji yenyewe ilikuwa mbovu! Nyumba ya fundi friji, mpira wa mlango umelegea, mlango tunauegemeza kwa kiti. Ukimwambia anasema ataitazama Jumapili. Jumapili ipi, hasemi.

Dada ni mwalimu wa shule ya msingi, na sauti anayo. Akimwita mtoto wa darasa la tatu, wa darasa la saba nao wanasimama. Mwaka huu wakamkuta na saratani ya titi, wakamwanzishia dawa ya dripu, mara moja kila wiki tatu, jumla mara sita. Nywele zilipomnyonyoka alicheka, akasema afadhali, alishachoka kukaa saluni akisikiliza umbea wa watu asiowajua. Dripu ya pili ndiyo iliyomshika pabaya. Mdomo ulichubuka wote, ulimi, mashavu kwa ndani, mpaka kooni. Maji ya uvuguvugu tu yalimtoa machozi. Akaacha kula, kisha akaacha kuongea. Akawa anatuandikia kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, na hata akitutukana, nukta na mkato viko mahali pake.

Jumatatu tukampeleka kliniki. Muuguzi, mama mmoja mnene asiyependa mzaha, akampandisha kwenye mizani. Kilo hamsini na nusu. Alianza na sitini na moja.

"Ijumaa mnarudi," alisema. "Akiwa chini ya hamsini, daktari hatampa dripu ya tatu. Na hii dawa haitaki kurukwa. Mtafutieni vitu laini, vya baridi, vinavyoteremka vyenyewe. Ile barafu ya matunda ya kusagwa, wengi wanaiweza."

Nikafungua mdomo niseme nitaitengeneza mimi. Gesi akanikata kauli. "Mambo ya baridi ni kazi yangu," akasema, kifua mbele.

Nilicheka mpaka watu wa foleni wakageuka. Dada akaandika kwenye daftari: *Tumekwisha.*

Siku hiyohiyo friji ikatengenezwa. Miaka minne ya kiti mlangoni, ikatengenezwa kwa saa mbili! Mpira mpya, gesi mpya. "Ilikuwa imeisha?" nikamuuliza. Akaning'iniza kipimajoto ndani ya friza, akabandika karatasi ukutani ya kuandika nyuzi za baridi kila saa, halafu akatufukuza jikoni, mimi na dada mwenye jiko lake.

Alianza na nanasi, kwa sababu yeye ndiye anayependa nanasi. Aliligandisha, akalisaga, akamletea mgonjwa kwenye glasi ndefu yenye mrija, anajiona mhudumu wa hoteli kubwa. Dada alivuta mara moja. Ule uchachu ulipogusa vidonda, aliruka kitandani kwa nguvu ambazo hatukujua kama bado anazo, na mrija ukaenda kupiga pazia. Akalivuta daftari, akaandika: *Kama unataka kuniua, sema wazi, nijiandae.*

"Nanasi hapana," Gesi akaandika kwenye karatasi yake ya ukutani.

Jumanne akaja na tikitimaji na embe. Hapo nikapata matumaini, maana embe lilikuwa bivu, linanukia mpaka sebuleni. Lakini mtu wa friji ni mtu wa friji. Aliishusha friza mpaka nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, akasema kazi ikifanywa lazima ifanywe. Alipotoa bakuli, juisi aliyoikamua ilikuwa jiwe. Alijaribu kijiko, kikapinda. Alijaribu kisu. Mwisho akaleta nyundo, akavunjavunja, akatia mapande kwenye blenda. Blenda ilipiga kelele kidogo, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Ilikuwa blenda yangu.

Nilisema maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Alichoweza kukisaga akakipeleka, na dada akajaribu, maskini, maana alimwona mumewe vidole vimekatwakatwa na barafu. Ilikuwa punje punje, chembe kali kama changarawe. Alitema damu kidogo kwenye kitambaa, akageukia ukutani. Safari hii hakuandika kitu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatano asubuhi nilimsaidia kuoga. Mgongo wake niliuhesabu pingili kwa pingili. Nikatoka bafuni moja kwa moja mpaka jikoni, nikakuta Gesi anamenya embe, nikamwambia basi, inatosha, leo natengeneza mimi. Nikachukua sufuria, nikatia maji, nikatafuta kopo la sukari. Halipo. Nikafungua kabati la juu. Halipo. Nikafungua la chini.

"Sukari iko wapi?"

"Hatutumii sukari," akasema bila kuniangalia.

"Hatutumii tangu lini?"

Nikaona macho yake yanakwenda kwenye sanduku lake la vifaa pembeni ya mlango. Nikalifungua. Chini ya spana na mikasi ya mabati, kopo la sukari, limefungwa kwa utepe wa umeme mara tatu.

Mungu wangu. Kumbe wiki tatu nzima alikuwa anaondoa sukari kwenye kila kitu. Chai, uji, juisi. Kulikuwa na fundi mwenzake wa karakana aliyemwambia sukari ndiyo chakula cha ugonjwa ule, kwamba ukimnyima mgonjwa sukari, ugonjwa unakufa kwa njaa. Naye akaamini, bila kumuuliza mtu yeyote, kimyakimya. Dada aliandika mara ngapi kwamba uji una ladha ya ukuta! Sisi tukasema ni dawa, dawa huharibu ulimi, vumilia. Mtu anakufa njaa huku mume wake amekalia sukari.

Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. "Wewe mwanamume una akili kweli? Nani kakupa udaktari? Miaka thelathini gesi imeisha, gesi imeisha, kumbe iliyoisha ni ya kichwani kwako!"

Sikutegemea alichofanya. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, kisu bado mkononi, akaanza kulia. Si machozi ya heshima, yale ya kufuta kwa kidole. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka.

"Ningefanya nini, shemeji?" akasema. "Ingekuwa friji ningeifungua. Huyu simfungui. Nimeambiwa kuna kitu kimoja naweza kufanya, nikakifanya."

Hasira yote ikanitoka, ikaniacha nimesimama na kopo la sukari kama mjinga. Nikampigia muuguzi, nikaweka simu kwa sauti. Nikamweleza.

"Aliyekwambia hivyo aje hapa nimpime yeye," muuguzi akasema. "Mgonjwa hajala, mnamnyima sukari? Tia sukari. Tia na maziwa kama anayaweza. Mimi namtaka na kilo zake, basi." Akakata simu.

Gesi alifuta uso kwa mkono wa shati. Akaliangalia kopo. Kisha akaniangalia mimi, na nikaona kitu kinawaka taratibu humo ndani.

"Subiri," akasema. "Sukari ikiyeyuka kwenye maji, maji hayagandi upesi. Ni kama ile dawa ya kwenye rejeta ya gari. Ndiyo maana ile ya bila sukari ikawa jiwe!"

"Miaka thelathini kwenye baridi," nikamwambia, "unaligundua hilo leo. Hongera, profesa."

"Leta sufuria," akasema.

Tukachemsha maji na sukari mpaka yakawa mazito kidogo, tukayaacha yapoe. Embe tukalisaga kwa blenda ya kuazima, niliyoishika mimi mwenyewe, yeye asiiguse hata waya. Tukachuja nyuzinyuzi zote za embe kwa kitambaa safi, tukachanganya, tukamimina kwenye trei pana, kimo cha kidole tu. Friza akaipandisha ikawa na ubaridi wa kibinadamu. Halafu akavuta kiti akakaa mbele yake. Kila nusu saa anafungua, anakwangua kwa uma kutoka pembeni kuja katikati, anaifunga. Nilimwambia aweke saa, aende akapumzike. Hakusikia. Mara ya tano alipofungua, ilikuwa imekuwa laini, inang'aa, inateremka yenyewe kwenye uma.

Akampelekea kwa kikombe cha kawaida na kijiko kidogo. Mimi nilibaki mlangoni. Dada alikiangalia kile kijiko kwa muda, kisha akafumba macho akapokea. Tukangoja kelele. Hazikuja. Akameza. Akafungua mdomo tena, Gesi akampa. Kikombe kizima kiliisha hivyo. Halafu dada, aliyekuwa hajatoa neno kwa siku tisa, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Ongeza."

Gesi akageuka kwenda jikoni mbio.

"Na uvue hilo shati," dada akamfuatishia. "Linanuka kompresa."

Nilicheka huku nalia. Nilikuwa nimelikosa tusi lenye sauti.

Alikunywa vikombe vitano Jumatano, Alhamisi saba, vingine tulitia maziwa. Lakini siku mbili zilizotangulia zilikuwa zimemla, na hakuna aliyejua mizani itasema nini. Ijumaa tulipofika kliniki, muuguzi alimtazama akipanda, akatazama namba, akakunja uso.

"Mama, mfuko wa sweta una nini?"

Dada akatia mkono akatoa spana. Akatia wa pili, akatoa nyingine. Alishangaa kuliko sisi. Gesi alikuwa anasoma tangazo la chanjo ukutani kwa makini sana.

"Baba, toka nje," muuguzi akasema.

"Nimekoma," akasema Gesi. Akabaki.

Dada akavua sweta, akavua na viatu, akapanda upya. Namba zikacheza, zikapanda, zikashuka. Kilo hamsini na gramu mia mbili. Muuguzi akaandika, akasema chumba kiko tayari, daktari ameshakubali. Nilipiga vigelegele humo humo, nikanyamazishwa.

Gesi peke yake hakufurahi. Alisimama pale mikono inaning'inia.

"Sista," akauliza, "baada ya hii ya leo, mdomo utachubuka tena?"

"Huenda," muuguzi akajibu, taratibu kidogo. "Wengi huchubuka."

Akaitikia kwa kichwa. Wiki nzima alikuwa amepigana ili mke wake aruhusiwe kuumia tena, na nadhani ndiyo kwanza lilikuwa linamwingia. Dada alishaketi kwenye kiti cha dripu. Akamvuta mumewe kwa mfuko wa shati.

"Nenda sokoni basi," akamwambia. "Ukachague embe. Yaliyoiva, siyo mawe."

"Yameshamenywa," Gesi akasema. "Niliamka kabla yenu. Trei sita ziko kwenye friza, bado kukwangua tu."

"Na kama mizani ingekataa?" nikauliza.

Akaliokota sweta la dada, akalikunja. Nilifungua mdomo nimtafutie neno, kama siku zote, la kumrudisha mahali pake. Sikulipata. Nikavuta kiti, nikamsogezea karibu na dada, akakaa.