Saini ya Nahodha wa Kamba

Iliyonitoa Iringa ni barua ya Mama Rukia. Ilikuwa fupi, mwandiko umeinama kama unaotaka kuanguka. "Mwanangu Hamisi, mwenyekiti anaiuza nyumba ya klabu. Yeye kashasaini, anatafuta saini ya pili. Mkutano ni Jumapili ijayo. Kama ninyi mliocheza mmekufa wote, tuambieni tuwasomee hitma."

Niliisoma nikiwa juu ya ngazi, brashi ya rangi mkononi. Nikashuka. Sikurudi kupanda siku ile.

Ninyi wa Iringa mnanijua kama fundi rangi, na wachache mnanijua kama mzee wa pembeni anayewapigia kelele vijana wa timu ya mtaa. Lakini wapo kati yenu waliokaa uwanjani siku timu yangu ya Tanga ilipokuja hapa ikawafunga manne, halafu tukatoka tukipigiwa makofi na waliofungwa. Tuliitwa Kamba, kwa sababu tulikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha kamba za katani. Mashabiki wetu walikuwa na msemo mmoja tu: "Kamba kazi yake kufunga!" Wakausema nchi nzima. Tulichukua ubingwa mara mbili mfululizo, na timu za Dar es Salaam zilikuwa zikisikia zinakuja Tanga zinaanza kuugua homa.

Tulifanya mazoezi baada ya zamu, kwenye kiwanja cha nyuma ya kiwanda, vumbi la katani bado limo masikioni. Nyumba ya klabu kule Ngamiani hatukupewa na mtu. Siku zile saruji ilikuwa haionekani, ukiipata unaificha kama bangi. Watu wa mtaa walileta tofali mojamoja kwenye baiskeli. Wanawake walibeba mchanga kwa karai. Ilipokamilika, nyumba iliandikishwa kwa majina ya wadhamini watatu: mwenyekiti wa klabu, nahodha wetu Mbaruku, na mimi msaidizi wake. Katiba ikasema nyumba haiuzwi mpaka wawili kati ya watatu wasaini.

Kisha vipuri vya mashine vikaisha. Zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja, na basi la timu likawekwa juu ya mawe. Ilipokuja ruksa ya biashara, kiwanda kikauzwa. Wachezaji walipokwenda kumwona mwenye mali mpya, aliwajibu hata bila kuinuka kitini: "Nilinunua mashine. Sikununua miguu ya watu." Timu iliyoogopwa nchi nzima ikashuka daraja, ikashuka tena. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakuja huku kwenu.

Alhamisi alfajiri niliondoka Iringa. Morogoro, Chalinze, Segera, njia nzima nilikuwa nikimtukana mwenyekiti moyoni, na nadhani mara nyingine kwa sauti, maana jirani yangu alihamia kiti kingine. Kutoka Segera kwenda Muheza mkonge ulikuwa ungali umesimama kwenye mistari, lakini magugu yameumeza mpaka kiunoni.

Tanga nilifika jioni, nikaenda moja kwa moja Ngamiani kwa Mama Rukia. Huyu ndiye aliyekuwa akitupikia kambini tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa," alisema. Hakuwa ananisifu.

Alinipeleka kuiona nyumba. Nembo yetu ukutani, kamba iliyofungwa fundo, ilikuwa imeshapakwa chokaa juu yake, tena chokaa nyepesi, fundo linachungulia. Ndani kulikuwa na marobota ya mitumba mpaka darini. Mfanyabiashara anayetaka kuinunua iwe ghala alikuwa ameshaanza kuweka mali kabla ya mauzo.

"Nani kamruhusu?"

"Mwenyekiti. Anasema timu yenyewe haipo, nyumba ya nini?" Mama Rukia aligonga robota moja kwa kiganja. "Mchanga wa ukuta huu nimeubeba na mimba ya Rukia tumboni. Nenda kamlete Mbaruku. Yuko Mkwaja, kwao mkewe. Mlete kabla hajafikiwa."

Ijumaa asubuhi nilipanda gari la Pangani. Nilivuka mto kwa pantoni pamoja na ng'ombe wawili na mwalimu mmoja aliyekuwa akirudi kituoni kwake, na ng'ambo nikasubiri mpaka adhuhuri, nikapata lori lililokuwa likienda kupakia chumvi. Barabara ya kule ni mchanga, kisha mashimo, kisha mchanga tena. Dereva aliposikia ninamtafuta Mbaruku alipunguza mwendo.

"Mbaruku yule wa Kamba? Yule tuliyemwita Ukuta?"

"Huyo huyo."

"Basi usishtuke ukimwona," alisema.

Mkwaja nilimkuta kwenye mabwawa ya chumvi, nje kidogo ya kijiji. Yule mtu ambaye washambuliaji walikuwa wakimwona wanabadili njia, alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, mguu wa kulia umenyooshwa mbele kama si wake, akikwangua chumvi kwa koleo la mpini mfupi na kusogea kwa makalio. Goti lilikuwa kubwa kama dafu.

Aliniangalia juu mpaka chini. "Hamisi. Yakhe, umepotea njia?"

Nilitaka kukaa, nimsikilize, niulize habari za nyumbani, kama inavyompasa mgeni. Lakini nilikuwa nimeibeba hasira tangu Iringa na sikujua pa kuitua. Nikamwambia palepale habari ya nyumba, na kwamba nimemjia asikubali kusaini chochote.

Akashusha macho. "Mwenyekiti alikuja kabla ya Ramadhani. Nimesaini."

Nilipiga kelele. Nasema wazi kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nilimwita msaliti, nikamwuliza ameuza jasho la watu kwa kitu gani. Watu wa mabwawa waliacha kazi wakatutazama. Mkewe, Bi Mwanaidi, alikuja mbio kutoka kibandani, mikono imejaa unga.

"Shusha sauti, shemeji. Hapa pana mgonjwa." Kisha akageuka kwa mumewe. "Saini ipi anayoisema? Ile ya hospitali?"

"Hospitali gani?" niliuliza.

Bi Mwanaidi alirudi kibandani akatoka na karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mwenyekiti, alinieleza, aliwaambia ni fomu ya klabu kumwombea Mbaruku apasuliwe goti hospitali kubwa ya Dar es Salaam, na kwamba huko mambo yote huandikwa kwa Kiingereza. Akawaachia nakala watunze. Wameitunza kama hirizi. Kila gari liliposimama kijijini walidhani ni la kumchukua.

Nikaisoma. Niliisoma mara mbili, maana sikuyaamini macho yangu. Hapakuwa na goti, hapakuwa na hospitali. Ilikuwa ridhaa ya kuuza nyumba, na chini yake saini ya Mbaruku, herufi kubwakubwa zilizopangwa kwa uangalifu, kama alivyokuwa akisaini mipira ya watoto.

"Inasemaje?" aliuliza Mbaruku.

Nilimwambia. Alichukua koleo akakwangua chumvi iliyokuwa imeshakwanguliwa, akakwangua mpaka chini pakatoka tope.

Tulikula bada, ule ugali wa muhogo wa pwani, kwa samaki wa kukaanga. Baada ya kunawa niliomba radhi kwa kumwita msaliti. Akaniangalia kwa macho ambayo nilikuwa nikiyajua uwanjani, yale ya kabla ya kumvaa mtu.

"Usiwe na haraka ya kuomba radhi, maana utakosea ya kuombea. Unajua goti hili lilivunjika lini?"

"Nilisikia ni mechi ya Mwanza."

"Mechi ya Mwanza. Beki wa kushoto wa Kamba alikuwa nani?"

Beki wa kushoto wa Kamba nilikuwa mimi.

"Tulikuja kukugongea uje mazoezini, chumba kitupu. Umekwenda Iringa, umepewa kazi na timu ya huko, siku tatu kabla ya mechi ya kutubakiza ligi kuu. Hukuaga hata mimi. Hapakuwa na mtu wa kushoto. Nikahama kati, nikaingia mimi kuziba pengo lako. Winga wao alikuja, mguu wangu haukuzoea upande ule." Akaligusa goti. "Basi. Mwenyekiti nitamwuliza yake. Na wewe ujue yako."

Wenzangu wa Iringa, nilikuwa nikiwaambia siku zote kwamba niliondoka Kamba ilipokufa. Si kweli. Niliondoka ikiwa hai, inahema.

Jumamosi tuliondoka Mkwaja watu watatu, kwa lori lile lile, Mbaruku amekaa mbele na dereva, mimi na Bi Mwanaidi juu ya magunia ya chumvi. Kwenye pantoni ilibidi abebwe. Nilimbeba mimi. Alikuwa mwepesi, na wepesi wake ulinikasirisha kuliko mzigo wowote. Abiria mmoja alimtambua, akaanza ule msemo wetu, "Kamba kazi yake..." Hakuumalizia. Aliliona goti.

Jumapili baada ya alasiri ua wa klabu ulijaa. Mwenyekiti alikuja na suti yake ya mikono mifupi, pembeni yake mnunuzi, na mbele yao meza yenye muhuri wa klabu. Mbaruku tulikuwa tumemkalisha nyuma, katikati ya kina mama. Mwenyekiti alitoa hotuba ya zama mpya, kwamba nchi sasa ni ya biashara, mali isiyozalisha ni mzigo. Kisha akainua karatasi. "Saini mbili zimetimia. Yangu, na ya nahodha wetu mpendwa, ambaye kwa bahati mbaya afya haikumruhusu kufika."

"Imeniruhusu," alisema Mbaruku.

Watu waligeuka. Alisimama kwa kushika mabega ya wanawake wawili.

"Mwenyekiti, karatasi hiyo ulikuja nayo Mkwaja. Uliniambia ni ya nini?"

"Ni ya maendeleo ya klabu, nahodha, kama tulivyokubaliana."

"Nakuuliza uliniambia ni ya nini."

Mwenyekiti akaanza kupanga karatasi mezani. Bi Mwanaidi ndiye aliyejibu, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulikula kwangu. Ukanawa. Ukasema daktari Dar es Salaam anamsubiri mume wangu. Nikauza mbuzi ili apate nguo ya kuendea hospitali."

Nilikwenda mbele na ile nakala. Nikasoma mstari kwa Kiingereza, nikautia Kiswahili, nikasoma mwingine. Sikufika mwisho. Ua uliwaka. Mzee mmoja alimrushia mwenyekiti kiatu, na sikumzuia. Mnunuzi aliondoka mwenyewe, akisema yeye alitaka ghala, hakutaka ugomvi. Kesho yake marobota yalitolewa. Mwenyekiti aliomba tusiwe na jazba, akaomba tuzungumze wachache wachache pembeni, akaomba maji. Hakuna aliyempa.

Mama Rukia hakupiga kelele. Alipita katikati ya watu mpaka mezani, akauchukua muhuri wa klabu, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, fundo mara mbili. "Anayetaka kuuza nyumba," alisema, "aje anifungue mimi."

Mauzo yalifutwa siku ile kwa kunyoosha mikono. Mwenyekiti aliondolewa. Hakushitakiwa popote, hadi leo anapita Ngamiani na baiskeli yake, watu wakimpa kisogo. Na Kamba haikurudi ligi kuu. Nyumba ipo, ndani yake kuna vijana wa ligi ya wilaya wanaopokezana jozi za viatu.

Jumatatu tulimpeleka Mbaruku hospitali. Daktari, kijana mpole, alilibonyeza goti, akatazama picha, akauliza aliumia lini. Tulipomwambia, alivua miwani. "Angeletwa mwaka ule angetembea. Sasa mfupa umeshaungana vibaya, nikigusa nitamwongezea."

Mbaruku alimshukuru. Mimi nilitoka nje, nikapiga ukuta wa hospitali kwa ngumi, na kidole kimoja mpaka leo hakikunjiki sawasawa.

Jumanne niliwasindikiza hadi Pangani. Pantoni ilikuwa imeshafika. Nilimnyooshea mkono Mbaruku. Hakuupokea, lakini hakugeuka pia.

"Ya nyumba tumemaliza," alisema. "Mimi na wewe bado."

"Nitakuja tena."

"Njoo. Mkwaja haijahama."

Nimekwenda mara mbili tangu siku hiyo. Tunakaa, tunakula, hatujamaliza.

Haya nimewaandikia kwa kuwa mmenisikia miaka yote nikiwalaani viongozi walioiua Kamba, na mwenye kiwanda, na zama. Siondoi hata laana moja. Waliiba, tena walimwibia mtu aliyekuwa akisubiri dawa. Lakini safari hii imenifundisha kuhesabu watu wote waliokuwapo. Siku tatu kabla ya mechi ya Mwanza hakuna kiongozi aliyenisukuma nipande basi la Iringa. Nilipanda mwenyewe, kwa miguu yangu miwili, mizima.