Namba Moja kwa Nyumba Nzima

Nyumbani walimwita Kiguu na Njia, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Alianza ushonaji, akaacha gauni la watu likiwa na mkono mmoja. Akaanza udereva, akaacha kesho yake ni mtihani, eti mwalimu anaongea mno. Hata chakula alikula amesimama, sahani mkononi, anachungulia dirishani. Mama yake alipenda kusema kwamba binti huyu alizaliwa miguu mbele, na tangu siku hiyo miguu yenyewe haijapumzika.

Kwa hiyo alipotangaza kwamba anajifunza lugha ya kompyuta iitwayo Python, hakuna aliyeshtuka. Mama mdogo, aliyekuwa akiishi nao, aliuliza jina hilo maana yake nini. Alipoambiwa ni chatu, akasema afadhali chatu, maana akishashiba hutulia, huenda akamfundisha mtu.

Kiguu alikuwa mapokezi kwenye kliniki ya macho. Kliniki ilikuwa na vituo vidogo huku na huko, na kila kituo kiliandikisha watu wenye mtoto wa jicho, kisha kikatuma faili. Kazi yake ilikuwa kunakili majina hayo, moja baada ya jingine, kwenye hifadhidata iliyokuwa kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali ambazo daktari bingwa angeweza kuzisoma popote alipo na kupanga nani afanyiwe upasuaji. Kukaa kitako akinakili kulimwasha mwili mzima. Ndipo aliposikia habari za skripti: unaandika maagizo mara moja, unayawasha, yanasoma faili na kupeleka majina yenyewe.

Alijifunza kwa masomo ya video kwenye simu, amesimama kando ya mashine ya kutolea nakala. Na safari hii hakuacha. Lugha ile ilikuwa na haraka kama yeye mwenyewe: unaandika, inakujibu papo hapo, na ukikosea inakwambia bila kukuzunguka. Siku ya kuunganisha skripti na wingu, wingu lilimkatalia asubuhi nzima. Mara nywila si sahihi, mara mlango umefungwa. Alitoka nje akaizunguka kliniki mpaka mlinzi akamuuliza amepoteza nini. Jina la kwanza lilipopita, alipiga kelele, na muuguzi mkuu, ambaye wote walimwita Sista, akatoka chumbani akidhani kuna mtu kaanguka.

Mwalimu wa video alikuwa amesema kila mtu lazima awe na alama ambayo mwingine hana, akatoa mfano wa barua pepe. Kiguu alicheka. Wagonjwa wake barua pepe wangeitoa wapi? Akaweka namba ya simu, kwa sababu namba ya simu kila mtu aliandika. Skripti ikaenda vizuri, kisha ikagoma, ikatoa maandishi mekundu kwamba namba fulani tayari imo. Aliyasoma nusu. Akaamua hao ni watu waliojiandikisha mara mbili, na watu wa namna hiyo hawakosekani. Akaongeza mstari mmoja: namba ikiwa imo, andika mapya juu ya ya zamani. Wekundu ukaisha. Haraka haraka haina baraka, kila mtu anaijua methali hiyo, na hakuna anayeikumbuka akiwa na haraka.

Mama yake naye alikuwa anamsubiri daktari. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, akimimina chai anaweka kidole kwenye mdomo wa kikombe asije akamwaga. Hakuwa na makubwa. Alitaka kwenda dukani peke yake, bila kushikwa mkono kama mtoto wa chekechea. Aliandikishwa kwa namba ya Kiguu, kwani yake asingeweza kuisoma. Siku chache baadaye mama mdogo, naye mwenye mtoto wa jicho na ambaye simu yake ilikuwa imekufa, akaandikishwa kwa namba hiyohiyo.

Ujumbe wa kliniki ulifika kwenye simu ya Kiguu: mama mdogo aende Jumatatu. Nyumba ilifurahi.

"Na mimi?" aliuliza mama.

Kiguu alimjibu kwamba ujumbe huja mmoja mmoja, avute subira. Wa pili haukuja. Ijumaa asubuhi, alipofika tu kazini, alifungua hifadhidata akamtafuta mama yake. Hakuwemo. Akatafuta kwa namba, akamkuta mama mdogo peke yake. Mashine ilikuwa imejaribu kumwambia. Simu moja ni ya nyumba nzima, mume na mke, babu na bibi, na yeye alikuwa amewafuta watu mmoja juu ya mwingine kama anayefuta ubao.

Alikwenda mpaka getini. Akarudi. Akaenda tena. Mwishowe akaingia kwa Sista akasema yote akiwa bado mlangoni. Sista hakumgombeza, alimwuliza tu kama wanaweza kupatikana. Wangeweza, kwa kuwa faili za vituo zilikuwepo. Kiguu akaifanya skripti impe kila mtu namba yake mwenyewe, simu ikabaki ya kumpigia tu, akaiwasha upya. Watu wakarudi, wengi kuliko alivyoogopa. Lakini walioitwa walikuwa wameshajiandaa, na nafasi zilizobaki zilikuwa chache. Daktari angekuja Jumatatu, aondoke, asirudi mpaka mvua ziishe.

Sista alifunga mlango.

"Muweke mama yako kwanza," alisema. "Umehangaika na kazi hii peke yako. Hakuna atakayeuliza."

"Na hawa wengine?"

"Hawa wengine si mama zako."

Kiguu alitoka akaosha kikombe kilichokuwa kisafi. Akakiosha tena. Alimpenda mama yake, na alitaka kumweka. Ni mstari mmoja tu. Lakini kwenye orodha alikuwa amemwona mzee wa kituo cha mbali, ambaye mkewe ameitwa na yeye kafutwa. Mzee huyo alijiandikisha zamani, kabla ya mama, na aliyemfuta si daktari wala wingu. Kiguu alirudi kwenye kiti, akaiagiza skripti iwapange kwa tarehe ya kujiandikisha, akabonyeza kabla moyo haujageuka. Nafasi zilikwisha juu kidogo ya jina la mama yake. Sista alitazama kioo cha kompyuta, akachukua simu akaanza kuwapigia waliopata.

Mchana Kiguu alirudi nyumbani, akamkuta mama kakaa mlangoni. Hakutafuta maneno.

"Mama, niliyekufuta ni mimi."

Akaeleza habari ya namba, na ya mama mdogo, na kwamba leo angeweza kumrudisha lakini hakufanya hivyo. Mama aliuliza nafasi kapewa nani. Akaambiwa habari za mzee. Aligeuza uso, na hasira yake hakuificha. Alisema mzee huyo yeye hamjui, na si mzee huyo aliyemnyonyesha Kiguu wala kumbeba mgongoni. Kiguu alilia, na mama alimwacha alie.

Baadaye sana mama aliuliza daktari anarudi lini. Akajibiwa mvua zikiisha.

"Safari hiyo niandike mimi. Usiandike simu."

"Nimeshakuandika, mama."

"Nisomee."

Kiguu akafungua simu, akamsomea jina lake, la baba yake na la babu yake, jicho la kulia, jicho la kushoto. Mama akamwambia arudie.