Msamaha Uliofikishwa kwa Mwamuzi

Hasira hii sijaimaliza, na sina haraka ya kuimaliza.

Nilikuwa mpishi wa nyumba ya wageni mjini Kasulu. Mwenye nyumba tulisali naye kanisa moja, yeye mzee wa kanisa, mimi mwanakwaya. Siku moja dumu la mafuta ya kula halikuonekana stoo. Hakuniuliza, hakuitisha kikao. Alisimama mlangoni mwa jiko akanipigia kelele mbele ya wahudumu, "Mwizi, toka!" Nikatoka na aproni kiunoni.

Nikafungua shauri kwenye tume ya migogoro ya kazi. Usuluhishi ulishindikana kwa sababu, eti, yeye hakai meza moja na mwizi. Ikabaki kumsubiri mwamuzi, mtu asiyemjua yeye wala mimi. Nilichotaka ni kimoja tu: kurudi jikoni kwangu, watu wajue kwamba sikuiba.

Hapo katikati wazee wa kanisa wakaingilia. Kanisani kwetu, ambako wazazi wa wengi wetu walitoka Burundi, ugomvi wa waumini hauachwi ufike Meza ya Bwana. Wagomvi wanaitwa mbele, wanapeana mikono, aliyekosewa anatamka kwamba amesamehe, kwaya inaimba. Ukikataa, wewe ndiye mwenye pepo.

"Mama, mpe mkono," mchungaji alinihimiza. "Imana irabona. Mungu anaona."

Nikampa mkono, nikamwambia nimemsamehe. Akainamisha kichwa kama mtoto wa ubatizo. Mnafiki mkubwa yule! Siku ya shauri alikuja na wazee wawili wa kanisa, wakaapa kwamba tulishapatana na hakuna tena kesi. Nilimsamehe mbele za Mungu, yeye akaona amepata njia ya kunizima.

Mwamuzi, mama mwenye sauti ya chini, aliwaacha wamalize. Kisha akamgeukia mwajiri.

"Mzee, umesema huyu ndiye mwizi. Sasa wewe alikusamehe kosa gani?"

Akakohoa, akawatazama mashahidi wake. Mmoja wao akadhani anamwokoa.

"Kosa la kumfukuza bila kumsikiliza, mheshimiwa," alijibu. "Lakini alilikiri mbele yetu wazee, na mama akamsamehe."

Uamuzi ulipotoka ulisema hakuna ushahidi wa wizi, nilifukuzwa isivyo halali, na kusameheana kanisani hakukufuta shauri langu. Nirudishwe kazini. Nililia palepale, sikuona aibu.

Kumbe sheria inamruhusu mwajiri asiyekutaka akulipe fidia badala ya kukurudisha. Akalipa upesi, halafu akatangaza mjini kwamba amenihurumia mjane wa watu. Kunihurumia! Jiko langu akampa mwingine, na wizi ukabaki jina langu. Nilimwomba mchungaji asome uamuzi ule mbele ya waumini walioshuhudia nikisamehe.

"Mama, kanisa si mahakama," alinijibu. "Mambo hayo yalishaisha."

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nilisimama bila kuitwa.

"Sikuiba," nilisema. "Na huyu mzee hakunihurumia. Aliamriwa."

Mchungaji akaashiria kwa mkono na kwaya ikaanza kuimba ili kunifunika, kwaya yangu mwenyewe, wanawake niliowapikia kwenye misiba yao. Nikavuta pumzi nikasema tena, sikuiba, na wao wakapandisha sauti.