Utando wa Buibui Kwenye Ilimba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuifukuza kichwani ikagoma kutoka. Usinione leo nimejikalia hapa Ipagala, hata nikialikwa bwawani Mtera kula samaki nauliza kama hawawezi kuletwa. Ujana wangu haukutulia. Nikikalia kigoda, nilikichoka kabla hakijapata joto.

Tulikuwa watatu tukipiga muziki wa Kigogo kando ya soko, kapu mbele yetu, mpita njia akitia alichojaliwa. Mzee Chedego alipiga zeze. Shangazi yangu Matika alikuwa na ngoma, kaibana mapajani kama wafanyavyo wanawake wa kwetu. Mimi nilipiga ilimba, kile kisanduku chenye vyuma vya kugonga kwa vidole gumba. Aliyeichonga ni Mzee Chedego, na tundu lake aliliziba kwa utando mweupe wa buibui uliobanduliwa ukutani. Ukipiga, utando unavuma kama nyuki ndani ya kibuyu. Nami, msomi wa kidato cha nne, nikauonea haya mvumo ule.

Basi tukaalikwa kupiga ukumbini, mbele ya watu waliotafuta kikundi cha kupeleka kwenye tamasha nje ya nchi. Wiki nzima sikula nikashiba. Siku ilipofika niliwatangulia wenzangu, eti nijaribu vipaza sauti. Fundi mitambo akasikiliza, akakunja uso.

"Kaka, hicho kitu chako kinakoroma. Watu watadhani spika zangu mbovu."

Ningemwambia amsubiri Mzee Chedego, mwenyewe aliyeichonga. Lakini mwenyewe alikuwa bado njiani, nami nilishajiona ndani ya ndege. Nikatia ukucha, nikabandua utando. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyu wangu alikuja na vipaza sauti, mwenyeji akajing'oa meno.

Tukapanda jukwaani. Ilimba ikalia safi, tupu, kama kijiko kwenye sufuria. Mzee Chedego alipiga kidogo, kisha akashusha upinde katikati ya wimbo, ukumbi mzima ukitazama.

"Nani kafa humu?" akaniuliza.

"Hakuna, babu. Fundi alisema inakoroma, nikatoa utando."

"Na mkeo akikoroma utambandua pua?"

Ukumbi ukacheka. Shangazi naye akacheka, ndugu yangu wa damu! Mzee peke yake hakucheka. "Mimi huingia kwa kufuata ule mvumo," akasema taratibu. "Umenitoa kwenye wimbo wangu mwenyewe." Akateremka. Kikachaguliwa kikundi kingine.

Siku zilizofuata nilipekua kuta za mtaa mzima nikitafuta buibui, majirani wakadhani nimerukwa na akili. Nikabandika utando mpya, nikamfuata Mzee kijijini kwake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Piga."

Nikapiga. Akafumba macho mpaka mwisho. "Imepona," akasema. "Lakini mimi sirudi barabarani. Kwa umri huu mtu hatolewi wimboni mara mbili."

Hakurudi kweli. Mimi na Shangazi tuliendelea wawili, vijana wakajiunga mmoja mmoja, na ndicho kikundi hiki mnachokisifu. Leo wamo wapigaji tisa, lakini nikipiga bado naacha nafasi pale alipokuwa akiingia yeye. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu sasa ana ndevu.

Nakuona nawe miguu inakuwasha, mwanangu. Sikuambii kaa, kukaa niachie mimi, nina kipaji nacho. Nenda. Ila mtu akikuambia kitu cha kwenu ni kelele, usikibandue kabla hujamwuliza aliyekiweka kwa nini alikiweka. Na kama bado yuko njiani, msubiri, hata gari likikuacha. Gari jingine litakuja. Mzee aliyekasirika akaenda zake si lazima arudi.

Mungu akupe wenzako wasioona haya kukukatiza wimbo ukikosea, na akupe masikio ya kuwasikia wangali wameketi karibu nawe. Amina.